Kazi za Mikono: Kichezeo cha Paka Kiendeshwacho na Matone ya Maji



Wazee wetu walisema: Paka akiondoka, panya hutawala. Hakuna mama wa nyumba asiyejua ukweli wa neno hilo. Nyumba ikikosa paka siku chache tu, mara gunia la maharagwe limetobolewa, unga umechafuliwa, madaftari ya watoto yametafunwa, na sabuni imeliwa nusu. Basi familia hutafuta kipaka kwa jirani, nao humleta nyumbani kwa furaha, wakitumaini kwamba taabu imekwisha.

Lakini mara nyingi taabu nyingine huanza hapo. Kipaka wa miezi minne au mitano ana nguvu nyingi, wala hana mahali pa kuzitumia, hasa katika nyumba za mjini zilizosongamana, ambako nje kuna mbwa na pikipiki, na ndani mna vyumba viwili tu. Atafanya nini basi? Hupanda pazia mpaka likachanika. Huparua kiti. Huvizia miguu ya watoto chini ya meza na kuirukia. Mtoto akiparuliwa hulia, baba hukasirika, na hukumu hutolewa upesi: paka afungwe kamba shingoni penye gunia la mahindi, akalinde hapo hapo. Nasi twajua mwisho wake. Paka aliyefungwa hawezi kumfuata panya, tena huanza kuwaogopa watu; na siku ile kamba ikikatika, hukimbia asirudi tena. Panya hubaki, na familia imepata hasara mara mbili.

Leo twataka kuwapa shauri jingine. Badala ya kamba, mpeni paka wenu kitu cha kuwinda mchana. Kitu kinachojiendesha chenyewe, hata wakati watu wa nyumbani wana kazi zao, huyu jikoni, yule uani. Hakihitaji umeme wala fedha nyingi. Chataka kipande cha mwanzi, bidoni kuukuu na maji kidogo. Zaidi ya hayo chataka akili na uvumilivu, na vitu hivyo viwili, twatumaini, havikosekani katika nyumba za wasomaji wetu.

Mchunguzeni paka kwanza

Fundi mwema hupima kabla ya kukata. Vivyo hivyo, anayetaka kumtengenezea paka kichezeo hana budi kumjua paka kwanza.

Paka wa nyumbani ni mzao wa paka-mwitu wa Afrika na wa nchi za Mashariki ya Karibu. Alianza kukaa karibu na watu tangu zamani sana, walipoanza kulima nafaka na kuiweka ghalani. Maana penye nafaka pana panya, na penye panya paka huja. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro yamefukuliwa mabaki ya paka aliyezikwa karibu na mtu, yapata miaka 9,500 iliyopita. Hata hivyo, muda huo wote haukumwondolea paka tabia yake ya mwindaji. Mwili wake wote umeumbwa kwa kazi hiyo.

Tazameni masikio yake. Sisi watu twasikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Yeye husikia hata zile zinazopita 60,000. Ndiyo sababu husikia panya wakinong'onezana ukutani nasi tukidhani kuna kimya. Tazameni macho yake. Gizani hutosheka na sehemu moja ya sita ya mwangaza unaotutosha sisi. Lakini macho hayo yana upungufu wake pia: rangi nyekundu hayaitambui vizuri, na kitu kilicho karibu sana na pua, chini ya sentimeta 25 hivi, hukiona kwa ukungu tu, naye hutumia sharubu zake kukitambua. Kinachoamsha macho ya paka kuliko rangi yo yote ni mwendo: kitu kilichotulia, kisha kikatikisika ghafula.

Tena angalieni jinsi anavyowinda. Hamkimbilii panya ovyo. Hukaa penye tundu, amejikunyata, hata mkia umetulia. Hungoja dakika nyingi. Ndipo huruka mara moja. Sehemu kubwa ya uwindaji wake ni kungoja. Mtu asiyelijua jambo hili hutengeneza kichezeo kinachozunguka bila kukoma, na paka hukitazama dakika mbili, kisha hugeuka na kulala. Mtu husema: Paka huyu ni mpumbavu. La, paka si mpumbavu. Hakuna panya azungukaye mahali pamoja kutwa nzima.

Kutokana na hayo twapata sheria nne. Kichezeo cha paka yafaa kijifiche, halafu kitokee ghafula. Yafaa kitulie muda mrefu kati ya mwendo mmoja na mwingine. Yafaa kiwe na ukubwa wa panya. Na sheria ya nne, ambayo wengi huisahau: yafaa kikamatike. Mwindaji asiyekamata kitu kamwe huudhika, kama vile mvuvi anayevuta nyavu tupu kila siku.

Sheria hiyo ya nne ndiyo inayotufanya tusisifu ile taa ndogo ya leza, ambayo watu wengi humulikia ukutani ili paka afukuze nukta nyekundu. Huko Marekani mwaka 1995 watu wawili walipewa hata hati ya uvumbuzi kwa kumchezesha paka namna hiyo. Ni kweli, paka hukimbia sana. Lakini mwisho wa mbio zake hakuna kitu chini ya makucha yake. Tena mwangaza huo ukiingia katika jicho la mtoto au la paka waweza kulidhuru.

Mwanzi unaojipindua

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Watoto waliolinda mashamba ya mpunga au ya mtama wanajua namna ya kufukuza ndege kwa kamba na makopo: mtoto huvuta kamba, makopo hulia, ndege huruka. Shida ni kwamba mtoto huchoka au hulala, na ndege hurudi. Wakulima wa Japani walitafuta zamani njia ya kuyafanya maji yafanye kazi hiyo. Walichukua kipande cha mwanzi, wakakiweka juu ya mhimili kama mzani, wakaelekeza maji madogo kinywani mwake. Mwanzi ukijaa hupinduka, humwaga maji, kisha hurudi na kugonga jiwe: ko! Wanyama waliokuja kula mazao hushtuka na kukimbia. Wajapani huuita mwanzi huo shishi-odoshi, nao waonekana hata leo katika bustani zao, kwa ajili ya uzuri wa sauti yake.

Sisi twataka kuutumia mwanzi huo huo kwa shabaha iliyo kinyume: si kumfukuza mnyama, ila kumwita. Na katika milima ya Kivu mianzi haikosekani.

Tafuteni vitu hivi: kipande cha mwanzi mkavu chenye upana wa ndani wa sentimeta 3 hivi, ufito mwembamba wa mwanzi, wenye urefu wa sentimeta 40, ubao mmoja mzito, vijiti viwili vinene vya kusimamisha, kila kimoja sentimeta 25, msumari mrefu au waya mnene wa kuwa mhimili, bidoni ya lita 5, utambi wa pamba, beseni, jiwe, katoni isiyo na kifuniko, kitambaa kikuukuu chenye nguvu, na manyoya machache ya kuku.

Kwanza, kateni mwanzi. Mnajua kwamba ndani ya mwanzi, penye kila fundo, pana ukuta unaouziba. Chagueni kipande chenye fundo moja tu. Upande wa mbele wa fundo uwe na sentimeta 18. Huo ndio utakaopokea maji, nao kinywa chake kikatwe kwa mshazari, kama kalamu ya zamani. Upande wa nyuma uwe na sentimeta 15 au 16. Huo ni mkia.

Pili, toboeni tundu la mhimili. Hapa wengi huharibu kazi. Tundu lisipite mbele ya fundo, maana maji yatavuja. Lipite nyuma yake kidogo, kiasi cha sentimeta moja. Toboeni kwa msumari uliopashwa moto, polepole, ili mwanzi usipasuke. Kazi hii ifanywe na baba au kaka mkubwa, wala si mtoto mdogo.

Tatu, simamisheni vile vijiti viwili juu ya ubao, vikiachana kiasi cha kuupokea mwanzi katikati. Pitisheni mhimili, na mwanzi ucheze juu na chini bila kukwama. Chini ya mkia wekeni jiwe, ili mkia ukilala juu yake, kinywa cha mbele kielekee juu. Chini ya kinywa wekeni beseni la kupokea maji.

Nne, fungeni ufito kwenye mkia, uendelee nyuma kama mkia wa pili. Katika ncha yake fungeni chambo. Chambo ni kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kwa uzi wenye nguvu mpaka kiwe na ukubwa wa panya, pamoja na manyoya mawili au matatu ya kuku. Kisitiwe vifungo, wala shanga, wala mipira ya kubana. Ncha ya ufito izungushiwe kitambaa, isije ikamchoma paka jichoni. Chambo kilale ndani ya ile katoni, kisionekane na paka anayekaa nje.

Tano, toboeni bidoni kwa sindano karibu na kitako, mpitishe utambi wa pamba katika tundu lile. Iwekeni juu ya meza imara au ya kibao kilichopigiliwa vizuri, matone yaangukie katika kinywa cha mwanzi. Msiitundike kwa kamba dhaifu, maana bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 5, nao si mzigo wa kumwangukia mtoto.

Kupima na kurekebisha

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ndiyo kanuni ya mashine yetu. Matone yanapoanguka, mwanzi hauonyeshi dalili yo yote. Dakika zapita. Katika katoni ni kimya. Paka, ambaye ameona chambo kikiruka mara moja, amekaa na kungoja. Ndipo uzito wa maji unaposhinda uzito wa mkia kwa tone moja tu: mwanzi huinama, maji humwagika, ufito huruka juu, na chambo hutokea katonini ghafula. Mara mwanzi, ukiwa mtupu, hurudi na kugonga jiwe, na chambo hujificha tena. Panya halisi hafanyi zaidi ya hapo.

Siku ya kwanza, huenda mwanzi usitii. Msikate tamaa. Ukipinduka upesi mno, mkia ni mwepesi. Fungeni hapo kijiwe kidogo. Ukijaa mpaka maji yakafurika bila kupinduka, mkia ni mzito. Ondoeni kijiwe, au chongeni mkia kwa kisu kidogo kidogo. Lengo letu ni kwamba upinduke ukiwa na mililita 50 hivi za maji, yaani vijiko 10 vya chai. Pimeni kwa kijiko, msikisie.

Na ninyi wanafunzi, shikeni kalamu, maana hapa pana hesabu nzuri. Matone 20 hufanya mililita moja hivi. Mkilegeza au kukaza utambi mpaka yaanguke matone 2 kila sekunde, mtapata matone 120 kwa dakika, yaani mililita 6. Mililita 50 zitakusanyika kwa muda wa dakika 8 na kitu. Bidoni ya lita 5 itapindua mwanzi mara 100, nayo itaendelea kwa muda wa saa 14 hivi. Mkitaka saa chache, tieni maji machache. Tena mtaona kwamba kadiri maji yanavyopungua katika bidoni, matone hupunguza mwendo, kwa kuwa maji yaliyo juu ya tundu hayasukumi tena kwa nguvu ile ya kwanza. Kwa saa hilo lingekuwa kosa. Kwa kichezeo chetu ni faida, kwa sababu paka hawezi kujua kwa hakika ni wakati gani chambo kitaruka.

Kuna faida nyingine tena. Paka akikamata chambo na kukishikilia, mashine hunyamaza. Maji hufurika na kuingia katika beseni, wala hakuna kinachovunjika. Akiachilia, kazi huanza upya. Mashine yenye mota ingeendelea kuvuta mpaka uzi ukatike au mota iungue. Lakini ubao na uwe mzito, au uwekewe mawe, maana paka akivuta kwa nguvu aweza kuangusha vyote.

Maji ya beseni yasitupwe. Twajua jinsi akina mama na wasichana wanavyopanda vilima na bidoni ya lita 20 mgongoni. Yarudisheni katika bidoni jioni, au myamwagilie mboga. Wala yasikae katika beseni siku nyingi, maana mbu hutaga katika maji yaliyotulia, na kwa muda wa siku 7 hadi 14 mayai huwa mbu wanaoruka. Kichezeo cha paka kisituletee malaria nyumbani.

Kwa wanafunzi wa ufundi

Kijana anayesoma ufundi atatuuliza: Je, haiwezekani kutumia mota? Yawezekana. Katika radio ya kaseti iliyokufa, au katika mashine ya kuchezea sahani za picha, mna mota ndogo inayoendeshwa na betri mbili za volti 1.5. Tatizo lake ni mbio. Mota yaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, na hakuna paka atakaye kitu hicho. Basi, pitisheni mkanda wa mpira kutoka mhimili wa milimeta 6 hadi gurudumu la milimeta 60, na mwendo utapungua mara 10. Fanyeni hivyo mara mbili, utapungua mara 100, nanyi mtapata mizunguko 30 kwa dakika. Katika gurudumu la mwisho fungeni mkono wa waya wa sentimeta 5, nao utasukuma ufito ndani na nje ya tundu la katoni kwa kiasi cha sentimeta 10.

Imebaki shida ya pumziko, kwa kuwa mota haijui kungoja. Wenye kujifunza kompyuta wanaweza kutumia kibao kidogo kama Arduino, kilichobuniwa huko Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Hukiandikia programu fupi: endesha sekunde 10, pumzika dakika 8, kisha anza tena. Ni kazi nzuri ya kujifunzia. Lakini tazameni, ndugu: kibao hicho kimefika tu pale mwanzi na matone vilipofika.

Mambo ya kujihadhari

Kichezeo kimekusudiwa kuleta amani nyumbani, kisilete msiba. Kwa hiyo shikeni maonyo haya.

Uzi mrefu usiachwe ovyo. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukiisha kuingia kinywani ni vigumu kwake kuutema. Humeza wote, na uzi huyafunga matumbo yake hata akafa. Ndiyo sababu tumetumia ufito, wala hatukutumia kamba. Chambo kikianza kufumuka, kibadilishwe siku ile ile.

Mkitumia betri, kumbukeni watoto wadogo. Betri zile bapa kama kifungo ni hatari kuu. Mtoto akimeza moja, yaweza kumwunguza koo kwa muda wa saa 2 tu. Apelekwe hospitali mara moja, msingoje asubuhi. Betri za simu zisitobolewe wala zisifunguliwe, maana huwaka moto. Nyaya zifichwe, kwa sababu kipaka hutafuna kila kitu.

Beseni liwe la kina kidogo, nalo lisikae mahali ambapo mtoto anayetambaa aweza kulifikia peke yake.

Tena watoto wafundishwe kutoshika chambo kwa mkono wakati paka anapowinda. Paka akimng'ata au kumparua mtu, jeraha lioshwe mara kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15, kisha mtu aende zahanati, maana ugonjwa wa kichaa hauko kwa mbwa peke yake. Palipo na mganga wa mifugo, paka naye achanjwe.

Je, mchezo hautamfanya paka kuwa mvivu?

Twajua kwamba wazazi wengi watauliza swali hili, nalo ni swali la haki. Tunamlisha paka ili akamate panya. Tukimchezesha mchana, je, usiku hatalala?

Tusijibu kwa kubahatisha. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, huko Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya paka wa nyumbani. Watu walipocheza na paka wao dakika 5 hadi 10 kila siku, wanyama ambao paka waliwaleta nyumbani walipungua kwa asilimia 25. Chakula chenye nyama nyingi kilipunguza zaidi, asilimia 36. Watu wale walifurahi, kwa sababu walitaka kuwaokoa ndege na wanyama wadogo wa mashamba. Nasi, ambao twataka panya wapungue, tujifunze kutokana na jambo hilo hilo.

Basi, tupangeni saa. Paka huwinda hasa alfajiri na magharibi, hata usiku. Saa hizo ni za kazi yake. Kichezeo na kifanye kazi mchana, saa zile ambazo vinginevyo angeparua viti na miguu ya watoto. Jioni kizibo kikazwe na matone yakome. Kipaka aliye mchanga apewe nafasi zaidi, kwa kuwa mchezo humnyoosha viungo na kumzoeza nyumba. Paka mzima anayekamata panya vizuri hahitaji kichezeo kila siku. Apewe siku za mvua, au anapofungiwa ndani kwa sababu ya mbwa wa jirani.

Wala msikiache kichezeo mahali pamoja majuma mengi. Wataalamu wengine wa Uingereza walionyesha mwaka 2002 kwamba paka huchoshwa na kitu kile kile, lakini akiletewa kilicho tofauti kidogo, hamu yake huamka tena. Badilisheni chambo: juma hili manyoya, juma lijalo gunzi la mahindi lililofungwa vizuri kitambaani. Sogezeni katoni. Hayo yatosha.

Jambo moja halitabadilishwa na mashine yo yote. Kipaka hatazoea nyumba kwa sababu ya mwanzi. Atazoea kwa sababu ya watu wanaompa maji safi na mabaki ya samaki, wanaomsemesha kwa upole, wasiomrushia kiatu. Asinyang'anywe mama yake mapema, kabla ya majuma 8, maana mama paka ndiye mwalimu wa kwanza, naye huwaletea watoto wake panya wajifunze. Na kamba ya shingoni ifunguliwe. Hatujaona bado askari aliyelinda mlango vizuri huku amefungwa miguu.

Na ninyi watoto, msidharau kazi hii mkidhani ni mchezo wa paka tu. Watu wa Goma walichonga chukudu kwa mbao, na leo chukudu hubeba viazi, makaa na mizigo ya familia nyingi, hata imesimamishiwa sanamu katikati ya mji. Wenzenu wengi hutengeneza magari kwa waya na makopo. Anayeweza kuupima mwanzi mpaka ukatii tone moja la maji, ameanza kujifunza mizani, mhimili na saa, wala hakulipa karo kwa somo hilo.

Jengeni basi, mbadilishe, mpime. Mwanzi wenu ukijipindua, hesabuni dakika, mwandike pia paka alifanya nini: alingoja muda gani, aliruka mara ngapi, alichoka lini. Mtuandikie barua. Zilizo na vipimo na hesabu za kweli tutazisoma kwa furaha kuliko zile za sifa tupu.

Kazi njema, na salamu kwa wote wa nyumbani.